Kwa Papa wa vitabu, Lubumbashi: vitabu vya wazungu wa vita na ile krayo yake (nyota 4 juu ya 5)

Hii si duka la kuingia na mlango. Ni meza mbili, turubai la bluu, na makarto (maboksi) saba au nane chini kando ya ukuta, ukitoka Posta unaelekea upande wa soko. Hakuna kibao wala jina, ukiuliza watu wa pale "kwa Papa wa vitabu ni wapi" watakuonyesha na kidevu bila hata kuacha kuuza maji yao. Nimemaliza miezi mitano nakodi vitabu kwake, na naona kila siku watu wanaandika juu ya malewa (mikahawa) na masaluni ya Lubumbashi, huyu mzee hakuna mtu anamtaja, basi wacha nimtaje mimi.

Anauza na anakodisha. Kuuza sitasema sana sababu bei inategemea ameamkaje. Kukodi ndio raha: unaacha amana ya dola 5, unalipa franka 2,000 kwa wiki, ukirudisha kitabu kizima anakurudishia dola zako zile zile, hata noti ni ile ile, anaibana na klipu. Jina lako linaingia mu kaye moja ya shule yenye jalada la kijani. Ukichelewa siku mbili hasemi kitu. Ukichelewa wiki anakupigia simu saa kumi na mbili asubuhi na hapigi mara moja.

Sasa sababu ya mimi kuandika. Kuna karto moja ameandika VITA kwa biki nyeusi. Ndani mna vitabu vya majurnaliste wa ng'ambo, wale wanaenda kwenye vita za watu halafu wanarudi kwao wanatoa kitabu, vingi ni vya Kifaransa, vya Kiingereza vichache. Ukifungua kitabu chochote cha lile karto, ule ukurasa mweupe wa kwanza Papa ameuandika na krayo (penseli), maandishi madogo yaliyolala, na si bei ile. Anaandika huyu mtu alizaliwa wapi, baba yake alifanya kazi gani, gazeti gani lilimtuma na lenyewe ni la nani, aliegemea wapi mu politike, na chini kabisa kila mara maswali mawili: "Alilala kwa nani? Alikula kwa nani?" Jibu kama analo anaweka, kama hana anaacha nafasi.

Nilimuuliza Papa, hii yote ya nini, si mtu asome tu? Akaniambia, "Mwana, mi nilitumika mu imprimeri miaka makumi mbili. Habari ilikuwa inafika imeshapigwa mashini, sisi tunapanga herufi tu. Tangu pale kila habari nataka nijue iliandikwa ku meza ya nani." Akarudi ku redio yake.

Cha kwanza nilichukua cha Stanley. Huku kwetu ni Bula Matari, wazee walikuwa wanaita serikali yenyewe ya Wabeleji kwa lile jina, lakini mi nilikuwa sijui kama huyu bwana kabla ya yote alikuwa jurnaliste wa vita. Krayo ya Papa inasema: alizaliwa 1841 Denbigh, kule Wales, jina lake la kwanza John Rowlands, mama hakuwa ameolewa, mtoto akalelewa mu nyumba ya maskini ya St Asaph. Akavuka bahari kwenda Marekani, vita ya wenyewe kwa wenyewe ikamkuta kule, 1862 akapigana Shiloh upande wa Kusini, wale wa kutaka utumwa uendelee, wakamkamata, na akiwa mfungwa akageuka akajiandikisha jeshi la Kaskazini. Hapo Papa ameweka alama tatu za mshangao na mimi ningeweka nne. 1868 New York Herald inamtuma Abisinia kufuata jeshi la Waingereza linaenda kumpiga Tewodros, mfalme wa kule. Wakati wa kwenda, bwana anapitia Suez anamtia kitu mfukoni mtu wa telegrafu ili habari zake zitangulie, na kweli Magdala, ngome ya Tewodros, ilipoanguka habari yake ikafika London kabla hata ya ripoti ya jeshi lenyewe, halafu waya wa chini ya bahari ukakatika, wenzake wakabaki na makaratasi mkononi. Miaka kumi na kitu baadaye anakula mshahara wa Leopold, mfalme wa Wabeleji, anasainisha machifu wa Kongo karatasi wasizoweza kusoma. Na 1895, hii ilinishangaza kuliko yote, akaingia bunge la Uingereza na chama cha wale waliokuwa wanakataa Ireland ijitawale. Kwa "Alilala kwa nani?" Papa amejibu: "Kwa kila mutu." Nilicheka peke yangu mu taxibus, mama mmoja akahama kiti.

Lakini kitabu cha kukaa nacho ni cha Wilfred Burchett. Hiki nimekikodi mara mbili.

Huyu ni Muaustralia, mtu wa Melbourne, 1911, alikua mu umaskini, wakati uchumi wa dunia umeanguka alikuwa anafanya vibarua vya mashamba, akafika London akapata kazi mu ofisi ya safari iliyokuwa inasaidia Wayahudi watoke Ujerumani kwa Hitler. Ukijua hiyo huwezi kushangaa kwamba aliegemea kushoto. Vita ya pili akawa mwandishi wa Daily Express, gazeti la London, upande wa Asia. Sasa, Septemba 2, 1945 Japani inasaini kushindwa juu ya meli Missouri, waandishi wa dunia nzima wamejazana pale kuona kalamu ikiandika, yeye asubuhi ile ile anapanda treni Tokyo peke yake, amebeba chakula kidogo, mwavuli, na mashini ndogo ya kuandikia, anaenda Hiroshima, kule bomu la atomiki lilikoanguka. Anafika kesho yake. Anaingia hospitali anakuta watu hawana kidonda chochote, wengine siku ya bomu walitoka wazima, lakini nywele zinatoka, damu inatoka mdomoni na puani, na wanakufa. Akakaa juu ya kipande cha saruji akapiga mashini yake. Septemba 5 gazeti likachapa. Aliporudi Tokyo wakubwa wa jeshi la Marekani wakamwambia mbele ya wenzake kwamba ameingia mu propaganda ya Wajapani, hakuna ugonjwa wowote wa mionzi, na kamera yake ikapotea na picha za Hiroshima ndani.

Mu kitabu hicho hicho Papa amechomeka karatasi ya kaye iliyokunjwa, ya mwandishi mwingine ambaye hana kitabu chake. William Laurence, alizaliwa Lithuania 1888, mwandishi wa sayansi wa New York Times. Mwaka 1945, kabla bomu halijalipuliwa hata la majaribio, jeshi lilishamchukua aandike habari zao, gazeti linamlipa na jeshi linamlipa. Agosti 9 alikuwa ndani ya ndege moja ya zile zilizoenda Nagasaki, akaona kwa macho kutoka juu. Na Septemba, wiki moja tu baada ya Burchett, akaandika kwamba maneno ya mionzi kuua watu ni propaganda ya Wajapani. Mwaka uliofuata wakampa Pulitzer, zawadi kubwa ya majurnaliste wa Marekani.

Halafu kutoka ile karatasi kuna mshale wa krayo unakwenda mpaka ukingoni, mwisho wa mshale neno moja: Shinkolobwe.

Kwa msomaji wa mbali nieleze. Shinkolobwe iko hapa kwetu karibu na Likasi, kutoka Lubumbashi si safari kubwa. Uranium ya bomu la Hiroshima sehemu kubwa ilitoka pale, mgodi wa Union Minière, kampuni ya Wabeleji, mkubwa wao Sengier 1940 alishapeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe yake New York zikakae stoo, kabla Wamarekani wenyewe hawajajua watazitaka. Mu magazeti ya 1945 jina la Shinkolobwe lilikuwa siri. Kwa hiyo hata Burchett mwenyewe, na mwavuli wake, alikuwa anaangalia mwisho wa kitu na mwanzo wake ulikuwa hapa ambapo mi natoa kitabu mu mfuko wa plastiki.

Na hapa nami niseme yangu, sababu nikimtaka Burchett aseme yake siwezi kuficha. Babu yangu alitumika Union Minière, Likasi. Si Shinkolobwe, lakini ni kampuni hiyo hiyo. Nyumbani tulilelewa na hadithi ya kampuni iliyokuwa inatoa posho ya unga kila wiki, nyumba ya matofali, shule, hospitali ambayo daktari yuko kweli. Nilipokuwa nasoma nilijikuta natafuta sababu za kuwatetea, najiambia walijuaje, mawe ni mawe. Nilifunga kitabu nikaenda kuoga.

Sasa malalamiko, na hili ndilo limekula nyota moja.

Kwa Burchett, Papa ameandika kwa herufi kubwa MUKOMUNISTI na amepiga mistari miwili chini. Kwa Laurence, yule wa kulipwa na jeshi, ameandika tu "mutu wa sayansi". Mshahara wa jeshi ameuandika, ndiyo, lakini kule chini, mu kona, kwa herufi za mchwa. Sikupenda. Nilimwambia Papa hii mizani yako imeinama. Mukomunisti, sawa, na hata kuna cha kuongeza: kuanzia 1951 Burchett alikuwa Korea upande wa Wachina na Kaskazini, anaandikia gazeti la wakomunisti wa Paris, alishikilia ile habari ya Wamarekani kurusha vijidudu vya magonjwa ambayo mpaka leo haijasimama, nchi yake ikamnyima pasipoti mpaka 1972, na makaratasi ya Moscow yaliyokuja kutoka miaka mingi baada ya kifo chake yanataja malipo ya kwake. Hayo yote mi sikatai, mtu akisoma habari zake za Korea ashike krayo mkononi. Lakini Hiroshima ni yeye alisema kweli, na mwenye uongo alikuwa yule ambaye hana neno lolote la herufi kubwa juu ya kichwa chake. Na tena, gazeti lililochapa habari ya huyu mukomunisti lilikuwa la Beaverbrook, tajiri wa upande wa kulia, waziri mu serikali ya Churchill! Sasa "Alikula kwa nani?" ya Papa ingekwambia nini hapo? Ingekupeleka njia isiyo yake.

Papa alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama. Halafu akafungua boksi la miwani, akatoa gome (kifutio), akafuta "mutu wa sayansi" polepole, akapuliza yale machafu, akanipa krayo. "Andika weye." Nikaandika MUTU WA JESHI kwa herufi kubwa na nikapiga mistari miwili, na mwandiko wangu mbaya uko pale mpaka leo, ukikodi kile kitabu utauona.

Kitabu kingine cha kuchukua ni cha Kapuściński, Mpolandi, huyu alifika Kongo. Alizaliwa Pinsk 1932, mji ambao siku hizi uko Belarus, mtoto wa mwalimu, utoto wake wote ni vita na njaa. Chama cha kikomunisti cha kwao aliingia 1953 akakaa nacho mpaka 1981. Mwanzo wa 1961 watu wa nchi za kikomunisti walikuwa hawapiti Léopoldville (Kinshasa ya leo), basi akazunguka na wenzake wa Chekoslovakia, Kairo, Sudan, wakaingia kwa nyuma mpaka Stanleyville (Kisangani ya leo), kwa watu wa Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Kilichonivutia mu krayo ya Papa ni hiki: shirika la habari la Poland lilikuwa na habari za aina mbili, za kuchapa mu magazeti watu wote wasome, na za jarida maalumu la wakubwa peke yao. Mtu mmoja, safari moja, meza mbili. Na 2010, miaka mitatu baada ya kufa kwake, mwandishi mwenzake aliyekuwa rafiki yake akatoa kitabu cha maisha yake kinachoonyesha kwamba mzee alikuwa anaongeza chumvi, hata hadithi ya baba yake kutoroka mikononi mwa Warusi hakuna ushahidi wake. Mi bado nampenda. Ananipa Stanleyville ya kilio cha Lumumba, upande ambao waandishi waliokuwa hapa Elisabethville (ndio Lubumbashi) hawakuuona, wao walikuwa kwa Tshombe, mkubwa wa Katanga iliyojitenga. Ni kwao Munongo, waziri wa Tshombe, alikuja Februari 13, 1961 akawaambia Lumumba alitoroka, wanakijiji wakamuua, kijiji hakitaji, na kama kuna anayedhani ni serikali imeua basi alete ushahidi. Mtu alikuwa ameshakufa tangu Januari 17, si mbali na mji huu. Kuna waliotuma maneno ya waziri jinsi yalivyo na kuna waliotuma na shaka yao. Papa anasema ukitaka kujua nani alifanya lipi, kwanza uulize mu mji huu alikuwa anakunywa na nani.

Kasoro ya kile kitabu: kurasa kumi na mbili zimechanwa, na si zozote, ni pale wanapokamatwa Usumbura (Bujumbura ya leo) wakingoja kuuawa. Wiki nzima mi niko gerezani pamoja nao sijui kama tunatoka. Papa alinirudishia franka 500 na kusema "si alirudi akaandika, basi alitoka". Ni kweli lakini si hivyo kitabu kinasomwa.

Kuna malalamiko mengine madogo. Kitabu cha mwanamke mu lile karto ni kimoja tu, Martha Gellhorn, na Papa ameandika: "bibi ya Hemingway", yule mwandishi wa Marekani. Basi. Mama aliyekuwa Hispania 1937 kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe, upande wa Jamhuri na hakujificha kwamba ni upande wake, 1944 wamemnyima kibali cha kwenda Normandy, pale majeshi yalikuwa yanashuka Ufaransa, akajifungia choo cha meli ya hospitali mpaka meli ikaondoka na yeye ndani, akashuka pwani na wabeba machela, na miaka ishirini baadaye bado yuko Vietnam anaandika juu ya watoto mahospitalini, unamuandika bibi ya fulani? Nilimwambia. Akasema krayo imeisha. Nitamletea nyingine.

Na kuna karatasi ya Kim Philby bila kitabu, fupi: mwandishi wa Times ya London mu vita ile ile ya Hispania, upande wa Franco aliyekuwa anapiga Jamhuri, 1938 Franco mwenyewe akamvisha medali kifuani, na siku zote hizo alikuwa mpelelezi wa Moscow. Alilala kwa Franco, alikula kwa Franco. Papa amejaza majibu yote mawili vizuri kabisa na hayafai kitu. Nadhani ameiweka pale makusudi.

Wengi mtauliza, na hawa wa leo, wanaoandika vita yetu ya Mashariki? Nami niliuliza. Mdogo wangu iko Goma, mwisho wa Januari 2025 mji unaingia mikononi mwa waasi wa M23 alikuwa ananitumia sauti WhatsApp kutoka mtaa wa Majengo, wamelala chini ya kitanda na watoto, na usiku nafungua redio ya ng'ambo nasikia muzungu anasema mji umetulia. Si kwamba alidanganya. Pale kwenye hoteli ya kando ya ziwa labda kulikuwa kumetulia. Lakini mdogo wangu hakulala ile hoteli. Nikamwambia Papa tuanze kaye ya hawa walio hai, nani alisomea wapi, nani kabla ya hapo alitumika ubalozini ama mu shirika la misaada, nani anaendeshwa na dereva wa upande gani. Alikataa. "Hao bado wanatembea, mwana. Leo namuandika hivi, kesho anageuka. Angalia Stanley."

Mambo ya kujua kabla hujaenda: Jumapili hayuko. Mvua ikianza anafunika makarto na turubai na hafungui tena hata jua likirudi, msimu huu nimepoteza safari tatu hivyo. Karto la VITA analiweka chini ya vitabu vya hesabu vya sekondari, omba akutolee. Dola yenye kona iliyochanika hapokei, hata kidogo kama ukucha. Usiandike na biki, krayo tu, na kwanza uombe.

Juzi narudisha Burchett mara ya pili, akahesabu kurasa kama kawaida, akanipa noti yangu, halafu akauliza, kama mtu anauliza saa, "Babu yako alitumika Likasi sehemu gani?" Nikasema konsantrateri, kusaga mawe. Akafungua ile kaye ya kijani. Nilichungulia: kando ya jina langu, baada ya ile dola 5, palikuwa na nafasi ameiacha tangu mwezi wa kwanza, akaijaza na krayo, "mujukuu wa Union Minière".